Mwalimu Kalenda na Jua la Mwaka 2186

Ukifika Magunga na ukataka kujua mambo ambayo hayajatokea, usijisumbue kwenda kwa mganga wala kwa chifu. Nenda Transfoma. Ni benchi moja refu chini ya transfoma iliyolipuka mwezi wa tatu, ikaahidiwa kutengenezwa, na mpaka leo kazi yake ni kuwapa watu kivuli chembamba. Nyuma ya benchi ni duka la mbolea na misumari la Okemwa, mzee wa kanisa la Waadventista, ambaye kijiweni anaitwa Sabato. Kulia hukaa Maroa, Mkuria mnunuzi wa ng'ombe, jina lake Mnada. Kushoto, mguu mmoja juu ya pikipiki, ni Wesley wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa sababu hana. Kahawa ya tangawizi ni ya Bosibori, mjane aliyehamia hapa kutoka Kisii miaka ishirini iliyopita, na ambaye hajapewa jina la utani kwa kuwa ndiye anayeshika birika. Katikati yao, karatasi mkononi, hukaa Mosoti, mwalimu mstaafu. Huyo wanamwita Kalenda, na hata mke wake amezoea.

Ijumaa hiyo alasiri Mosoti alikuwa na karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ilikuwa orodha ya kupatwa kwa jua kuanzia sasa mpaka mwaka elfu tatu, aliyochapishiwa kwenye saiba, duka la kompyuta, huko Sindo, herufi ndogo kama mbegu za sukumawiki. Ya pili ilikuwa barua fupi kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha. Barua ilisema jua litapatwa kidogo Agosti ya mwaka ujao, redio imeshaanza kuitangaza, na watoto wameshaanza kujizoeza kuliangalia kwa mabeseni wakati wa mapumziko. Je, mwalimu angekubali kuja kuongea nao? Jibu lilitakiwa kufikia leo. Barua ilikuwa na umri wa wiki tatu na Mosoti hakuwa amejibu. Aliisukuma chini kabisa ya mfuko, akafungua ile orodha.

— Mwaka wa elfu mbili mia moja themanini na sita, akasoma. Tarehe kumi na sita Julai. Jua litapatwa lote, dakika saba na sekunde ishirini na tisa. Katika miaka elfu kumi, hakuna ndefu kuliko hiyo.

— Wapi hiyo? Breki akauliza. Hapa Magunga?

— Bahari ya Atlantiki. Na kaskazini kule kwa Amerika ya Kusini.

— Sasa sisi inatuhusu na nini?

— Nimesema itatokea. Sijasema inakuja kwako.

— Hawa watu wa hesabu ni noma, Breki akasema. Wanajua giza ya miaka mia na sitini ijayo mpaka sekunde, na hii giza ya transfoma hakuna mtu anajua itaisha lini.

— Hiyo ya transfoma haina hesabu, Mnada akasema. Hiyo ina wenyewe.

Sabato aliweka kikombe chini. Mtu huyo akiweka kikombe chini, ujue swali linalokuja ameamka nalo.

— Mwalimu, mimi niko na swali ya maana. Kuna ya Ijumaa hapo?

— Ziko nyingi. Hata ile ya 2010 ilikuwa Ijumaa, asubuhi.

— Asubuhi haina shida. Mimi nasema Ijumaa saa tisa mchana. Sabato inaingia jua likizama. Sasa jua limepotea huko juu kwa juu, giza imeingia, kuku wamelala. Nifunge duka ama nisifunge?

— Jua halijazama, mzee. Limefunikwa.

— Kuku wanajua tofauti?

— Wewe funga, Mnada akamshauri. Dakika saba ni kitu gani?

— Na likirudi? Nimeingia Sabato, nimetoka Sabato, halafu saa kumi na mbili inaingia ingine. Wiki moja, Sabato mbili. Juu mbinguni nani ataniandikia hiyo ya pili?

— Heri nusu shari kuliko shari kamili, mzee, Breki akasema.

— Wewe Sabato unaiita shari?

— Mimi nimesaidia tu na methali.

Walicheka. Mosoti naye alicheka, maana alipenda mazungumzo yakienda mbali namna hiyo, na kazi yake ilikuwa kuyasukuma mbali zaidi.

— Hata hizo zenyewe hazitadumu, akasema. Mwezi unatuacha. Kila mwaka unasogea karibu sentimita nne. Baada ya miaka kama milioni mia sita utakuwa mbali hata hauwezi kulifunika jua lote. Itakuwa basi.

— Haba na haba hujaza kibaba, Breki akasema.

— Hiyo ni ya kujaza. Huu unaondoka.

— Ngoja, Mnada akasema. Huo mwezi umefunguliwa kamba. Mimi nimenunua ng'ombe miaka thelathini. Ng'ombe akijifungua mwenyewe anakimbia, unamkuta kwa mahindi ya watu. Yule anatoka boma polepole, hatua kwa hatua, hata mbwa habweki, huyo kuna mtu anamvuta.

— Nani sasa avute mwezi? Breki akauliza.

— Wale walienda huko juu. Walienda na bendera tukaonyeshwa. Kamba walionyesha nani?

— Na wanaupeleka wapi?

— Hiyo sijui. Lakini ukishavukishwa mpaka wa Isebania bila karatasi, sahau. Mimi nimepoteza fahali hivyo.

— Acha uende, Breki akasema. Ukibaki watauwekea ushuru. Utaona, siku hiyo ya giza watu wa risiti za kaunti watakuwa barabarani. Kivuli kikikupata umesimama, umepaki. Kikikupata unaendesha, umetumia barabara ya giza.

— Na wenye hoteli watazungusha ua, Sabato akaongeza. Ukitaka kuona giza unaingia na tikiti.

— Na wenye hawana tikiti?

— Watabaki na mwanga wao.

Bosibori alizungusha birika, akajaza vikombe bila kuuliza nani anataka. Breki alipokea chake, akamgeukia Mosoti. Yeye Breki ana miaka minne tu Magunga, alikuja na pikipiki kutoka upande wa Rongo, na kuna mambo ya hapa ambayo hakuna aliyemsimulia.

— Japuonj, akasema, akitumia neno la Kijaluo la mwalimu kama afanyavyo akitaka kitu. Hebu tuambie. Hiyo jua ikiliwa inakaaje?

Mosoti alikunja orodha. Swali hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi, na jibu lake alikuwa nalo tayari.

— Mwanzo linang'atwa pembeni, kama andazi lililoumwa na mtoto. Unafikiri macho yanakudanganya. Halafu linaendelea kuliwa, linabaki ndizi. Ndizi inakonda. Inabaki ukucha. Na mwanga wa chini unakuwa kama chai iliyoongezwa maji, unaona majani ya mti ni yaleyale lakini si yaleyale.

— Wuololo, Breki akashangaa. Unaona kabisa mtu aliyeona.

Mosoti alikunywa kahawa ikamchoma ulimi, akaendelea kunywa.

Maneno hayo hayakuwa yake. Kalenda wa Magunga, mwenye tarehe za miaka elfu moja mfukoni, hajawahi kuona jua likipatwa hata mara moja. Ile ya 2010 alikuwa matangani Nyamira na mawingu yalitanda. Ile ya tarehe tatu Novemba 2013 ilikuwa Jumapili jioni, na aliipangia wiki nzima. Yeye Mwadventista, Jumapili hana kanisa. Watoto Wakatoliki walikuwa wametoka misa. Aliwaita watoto wa darasa la sita uwanjani, akajaza beseni la maji, kwa sababu bibi yake alimfundisha hivyo na bibi yake alifundishwa hivyo: jua likiliwa usiliangalie juu, liangalie ndani ya maji, maji yanapoza. Wengine walipewa zamu fupi fupi. Lakini Nyamoita binti Onchiri, aliyekuwa wa kwanza darasani na mwenye ulimi mzuri wa kusimulia, alimwambia achuchumae palepale asiondoe macho, awaeleze wote anachokiona. Ni Nyamoita aliyesema andazi. Ni Nyamoita aliyesema ndizi, na ukucha, na chai iliyoongezwa maji. Alisimulia vizuri mno mtoto yule, na Mosoti alimwambia aendelee.

Baadaye, akiwa amechelewa, alisoma mahali kwamba hata jua likiwa utosini si vema kuliangalia kwenye maji, na kwamba likiwa limeshuka, kama lilivyokuwa saa kumi na moja ile, maji hayapozi kitu; yanakuwa kioo kinachokurushia jua machoni. Watoto watatu waliamka kesho yake wakilia kwamba kuna doa katikati ya kila kitu. Wawili walipona baada ya miezi. Nyamoita hakupona. Daktari wa macho alisema katikati ya jicho pameungua, yote mawili. Ataona pembeni, ataona mlango na barabara, lakini kitu anachokielekezea macho hatakiona. Hatasoma. Kwenye uso wa mtu ataona masikio na nywele tu. Msichana aliyekuwa akiwasomea wenzake vitabu vya hadithi aliacha shule darasa la saba, na siku hizi anasuka nywele Karungu, kwa vidole.

Onchiri hakuja kumtukana. Alikuja akakaa, akanywa chai, akasema Mungu anajua, akaenda. Mosoti alifundisha miaka tisa mingine na hakugusa tena somo la sayansi. Alipostaafu ndipo alianza kuchapisha orodha. Watu walidhani ni mapenzi ya elimu. Ukweli ni kwamba alipenda umbali. Mwaka wa 2186 hakuna mtoto anayemjua atakayekuwa na macho. Na ukienda mbele zaidi, mpaka mwisho wa orodha, hata wataalamu wanajua siku bila kujua mahali hasa, kwa sababu dunia inapunguza mwendo wake kidogo kidogo na hakuna awezaye kusema itapunguza kwa kiasi gani. Mistari hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa usingizi: jua linapatwa, na hakuna uwanja wala beseni.

— Omogaka, Bosibori akasema. Hivyo ndivyo anavyomwita, kwa Kikisii, kama unavyomwita mzee unayemheshimu na unayetaka kumgombeza. Umetusomea ya miaka mia na sitini. Ile ya mwaka ujao umeiruka.

— Hiyo ni ndogo. Ni kipande tu kitaliwa.

— Hiyo ndogo ndiyo watoto wataangalia. Mwalimu mkuu amepita hapa mara mbili wiki hii anakuulizia. Mimi mtu wa kanisa nimesimama nikasema sijakuona, na wewe uko ndani kwa Sabato unapanga misumari.

— Alikuwa anaipanga vizuri, Sabato akasema kwa sauti ndogo.

— Si uende tu, japuonj? Breki akasema. Mtu anajua kitu kama wewe. Mimi ningekuwa na hiyo akili ningekuwa natembea na maikrofoni.

Mnada alimkanyaga mguu. Breki akatazama mguu wake, akatazama watu, akaona ameingia mahali bila kubisha hodi.

— Nitawaambia nini? Mosoti akasema.

— Waambie wasiangalie, Bosibori akajibu. Ni maneno mawili.

— Watoto wa shule hiyohiyo niliwaambia waangalie. Uwanja huohuo, Bosibori. Mdomo ni huuhuu. Nikisimama pale, wazazi wao watasema huyu amerudi kumalizia.

— Hakuna mtu atasema hivyo.

— Ndiyo maana inaniua. Miaka kumi na miwili hakuna mtu amesema kitu. Wangenipiga ningelala.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo mbele za watu, na hakujisikia vizuri hata kidogo baada ya kusema. Sabato aliinua kikombe akakuta ni kitupu, akanywa hivyohivyo. Breki alianza methali, akaiacha njiani.

— Basi jibu barua, Bosibori akasema, polepole sasa. Hata ukikataa, kataa kwa karatasi. Mtu hangojeshwi hivyo.

— Nitajibu.

— Lini? Wewe si ndiwe Kalenda?

Hapo ndipo mwanamke kijana aliyekuwa akija upande wa shule aliposimama mbele ya benchi. Alikuwa na mkoba begani na kitambaa cha bluu kichwani. Alisimama ameinamisha uso kando kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nyuma ya duka, na macho yake yalikuwa yameelekea kwenye nguzo ya transfoma.

— Hamjambo. Mwalimu Mosoti yuko hapa? Ni yupi?

Alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mosoti aliijua sauti kabla hajaujua uso, akasimama, orodha ikaanguka chini, na Mnada akaiokota kwa kuwa mwenyewe hakuona kama imeanguka.

— Ni mimi, Nyamoita.

— Habari ya siku nyingi, mwalimu.

— Nzuri. Keti. Bosibori, mpe kahawa.

— Asante, sitakaa. Nimeacha mtu na nywele nusu huko Karungu.

Breki alifungua mdomo, akamtazama msichana, akatazama mahali ambapo macho yake yalikuwa yameelekea. Akaelewa peke yake. Aliushusha mguu kutoka kwenye pikipiki, akakaa sawasawa.

— Mwalimu mkuu alinipigia simu, Nyamoita akasema. Amesema amekungoja wiki tatu. Sasa ameniomba mimi niongee na watoto Jumatatu. Nimekubali.

— Umekubali.

— Nani mwingine ataongea? Nimetoka huko sasa hivi, tulikuwa tunapanga. Nitawaambia vile ilikuwa. Beseni, maji, zamu, yote. Sitaki kukuharibia jina, lakini siwezi kuwaambia nusu.

— Usiwaambie nusu, Mosoti akasema.

— Ndio nimekuja. Watoto wa siku hizi wanauliza. Kuna msichana wa gredi ya nne ameshaniuliza leo, hata sijaanza. Nimemwambia nitakuja kukuuliza wewe.

— Ameuliza nini?

— Ameuliza, mwalimu naye macho yake yaliharibika?

Transfoma ni kijiwe chenye jibu la kila kitu. Kimeshaeleza kwa nini samaki wamepungua ziwani, nani aliua reli, na wafu wanapiga simu kwa mtandao gani. Kwa miaka kumi na miwili swali hilo lilikuwa limelala pale barabarani, na hakuna aliyeinama kuliokota: si Onchiri, si daktari, si mke wa Mosoti. Sabato aligeuka akatazama mlango wa duka lake. Bosibori alikuwa ameshika birika hewani na hakulirudisha kwenye jiko.

— Hayakuharibika, Mosoti akasema.

— Nimeambiwa unasoma hata maandishi madogo.

— Ndiyo.

— Kwa hivyo hukuangalia.

— Sikuangalia.

Nyamoita alitingisha kichwa polepole. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Mosoti aliitafuta sana.

— Ulikuwa unajua ni mbaya?

— Hapana. Mungu ni shahidi yangu, Nyamoita, sikujua. Ningejua ningemwaga yale maji.

— Naamini. Lakini mtu hujaza beseni, anaita watoto, jua linaliwa mara moja kwa miaka mingapi hiyo, na yeye mwenyewe haangalii. Huyo msichana atauliza tena. Wewe ulikuwa unaangalia nini?

Mosoti alitazama chini, akatazama mikono yake. Angeweza kusema alikuwa akiwalinda watoto wasisukumane. Angeweza kusema alikuwa akiomba. Breki alikuwa akimwangalia, na Mnada alikuwa ameishika ile karatasi ya miaka elfu moja kwa vidole viwili kama kitu cha mtu mwingine.

— Saa, akasema. Gazeti lilikuwa limeandika dakika ambayo jua lingeliwa zaidi kuliko zote. Nilitaka kujua kama hesabu yao wameipata. Wewe ulikuwa unasema, mimi naangalia saa. Uliposema ukucha, nikaandika. Nikakuambia usiondoe macho mpaka nimalize kuandika.

— Na walipata?

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameomba iwe walikosea. Hata kwa dakika mbili. Hata saa yake iwe ndiyo ilikuwa mbovu.

— Walipata, akasema. Dakika ileile.

Midomo ya Nyamoita ilisogea bila sauti, akiyarudia maneno hayo, kama alivyokuwa akifanya darasani kabla ya kusimama kusoma. Kisha akaurekebisha mkoba begani, akainamisha uso kando ili aione barabara.

— Sawa, mwalimu. Nitawaambia hivyo.